Ukitaka Mpira Uwatulize Vijana wa Tudor

Kila mara vijana wenye mapanga wanapotikisa mitaa ya Mombasa, jibu la kwanza linalotoka katika baraza za wazee, ofisi za machifu na vinywa vya wanasiasa ni lile lile: tuwaandalie mashindano ya mpira. Kombe hununuliwa, jezi hugawiwa, mgeni rasmi hupiga mpira wa kwanza, na baada ya majuma machache fainali huchezwa. Kisha uwanja hubaki mtupu na wale vijana hurudi maskani. Nawaandikia nyinyi mnaotaka kwenda mbali zaidi ya hapo: makocha wa timu za watoto hapa Tudor, wazazi wa Tudor Four na Moroto, walimu wa shule na wa madrasa, maimamu na wachungaji, na yeyote aliyewahi kuombwa mchango wa mipira. Ninalotaka kuwaambia ni kwamba mpira peke yake hautibu moyo ulioumizwa, na ukiendeshwa vibaya huweza kuuongezea maumivu. Faida yote imo katika namna timu inavyoendeshwa, na zaidi katika mtu mzima anayeiendesha.

Ushahidi wa jambo hili tunao karibu. Gulu, kaskazini mwa Uganda, iliishi na vita vya waasi wa Lord's Resistance Army kwa takriban miaka 20. Vita vilipotulia, watoto wa huko walipata ligi yao, Gum Marom Kids League, iliyoanzishwa kwa nia njema kabisa ya kuleta amani na afya kupitia kandanda. Watafiti, akiwemo Justin Richards, waliwafuatilia watoto wa miaka 11 hadi 14. Baadhi yao waliingizwa ligini kwa kura na wengine wakawekwa wangoje zamu yao. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014 yaliwashtua wengi. Wavulana waliocheza ligi walikuwa na dalili mbaya zaidi za huzuni na wasiwasi kuliko wenzao ambao hawakucheza. Kwa wasichana, ligi haikuleta nafuu wala madhara yaliyoweza kupimwa.

Nimeyatafakari sana matokeo hayo, na kwa maoni yangu si vigumu kuyaelewa. Ligi ile ilikuwa ya ushindani. Mtoto aliyekulia katika hofu ana moyo ulio macho wakati wote, unaosubiri kipigo. Ukimleta uwanjani ukamweka benchi, umati ukamzomea kwa kukosa penalti, kocha akamfokea mbele ya rafiki zake, umempa hofu ile ile aliyoikimbia, safari hii ikiwa imevaa jezi. Atakayefaidika ni yule mwenye kipaji na miguu mepesi, ambaye pengine hakuwa mgonjwa tangu hapo. Yule mnyonge, aliyekuwa anahitaji timu kuliko wote, ndiye atakayeachwa nje.

Sasa itazame Tudor. Watoto wetu hawakupitia vita vya Gulu, lakini hawakukulia katika utulivu pia. Hatua chache kutoka hapa, Majengo, Msikiti Musa ulivamiwa na polisi Februari 2, 2014, karibu mwaka mmoja na nusu baada ya ghasia zilizofuata mauaji ya mhubiri Sheikh Aboud Rogo ya Agosti 27, 2012. Aprili 1, 2014 akauawa mhubiri mwingine, Abubakar Shariff, maarufu kama Makaburi. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 6 siku za moshi ule wa kutoa machozi leo ni kijana wa kupiga kura. Baada ya hapo yakaja magenge yenye majina ya kujigamba, mashambulizi ya mapanga saa za jioni, na misako ya polisi ambayo huwabeba wenye hatia na wasio na hatia katika gari moja. Wapo watoto walioona jirani akikatwa. Wapo ambao kaka zao walichukuliwa na hawakurudi. Mashirika ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yamekusanya visa vingi vya namna hiyo. Ongeza heroini, ambayo imekula ndugu katika nyumba nyingi za kisiwani, na nyumba ambamo baba hupiga na mama hunyamaza.

Mambo hayo huingia mwilini na kukaa humo. Mtoto anaruka mlango unapobamizwa. Hapati usingizi, au analala na kuamka akipiga kelele. Anaumwa kichwa na tumbo kila juma na zahanati haioni ugonjwa. Anakasirika kwa neno dogo, au anakuwa mkimya mno hata anasifiwa kuwa na adabu. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14. Huo ndio umri wa mtoto anayekuja uwanjani peku akiuliza kama bado kuna nafasi kwenye timu, na kocha mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza nje ya nyumba yao anayeweza kuona kwamba kuna kitu hakiendi sawa.

Kwa hiyo nisieleweke kwamba nawakataza mpira. Mazoezi ya mwili ya mara kwa mara hupunguza dalili za huzuni na wasiwasi na huleta usingizi, na Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate walau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mombasa pia ina damu ya mchezo. Timu yetu ya Feisal ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, enzi ambazo kijana alijulikana kwa mtaa na kwa timu yake. Ninachoomba ni kwamba tuutumie mpira kwa namna inayomfaa mtoto aliyeumia.

Anza kabla ya kununua mpira. Kaa na watoto wenyewe uwaulize wanapita wapi kuja uwanjani na wapi wanaogopa kupita. Wao wanajua kuliko wewe kona ipi ni ya nani na saa ngapi haipitiki. Chora njia hizo kwenye karatasi, kisha uchague uwanja ambao hakuna kundi linalouita wake. Uwanja wa shule una faida hiyo, maana shule ni ya watoto wote, na una lango. Zungumza na mwalimu mkuu, na mwalimu wa madrasa usimsahau, kwa sababu ratiba yako ikigongana na ya chuo mtoto ndiye atakayepigwa pande zote mbili. Maliza mazoezi mapema kiasi kwamba wa mbali kuliko wote awe amefika kwao kabla ya adhana ya Maghrib. Wapange warudi kwa vikundi, na mkubwa mmoja katika kila kikundi. Mwezi wa Ramadhani mechi za usiku zina raha yake, lakini kama huna watu wazima wa kuwasindikiza watoto majumbani baada ya taraweh, usiziandae.

Jambo la pili ni namna ya kugawa timu, na hapa makocha wengi hukosea kwa nia nzuri. Timu ya Moroto ikutane na timu ya Tudor Four, washindi wapewe mbuzi. Hapo umechukua mpaka wa maskani ukauweka katikati ya uwanja, ukaongezea na mashabiki. Changanya watoto wa mitaa yote ndani ya kila timu. Kwa miezi mitatu ya kwanza usiwe na ligi wala msimamo. Cheza mechi ndogo za watano kwa watano, dakika kumi kumi, kila baada ya mechi unavunja timu na kuziunda upya, ili mtoto asipate nafasi ya kumchukia mtu kwa sababu ya rangi ya jezi. Wachezaji wazuri watalalamika kwamba hawajui nani ameshinda. Waache walalamike, watazoea.

Yapo mashirika yaliyoonyesha kwamba hata ligi yenyewe inaweza kupangwa kwa thamani nyingine. Mathare Youth Sports Association, iliyoanza Nairobi mwaka 1987, iliamua kwamba timu itapata alama za ligi pia kwa kusafisha mtaa na kuzoa taka. Kutoka huko ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Hapa Tudor alama zinaweza kutolewa kwa timu ambayo wachezaji wake wote wamefika kwa wakati, kwa timu isiyotukana, na kwa iliyokwenda kumjulia hali mwenzao mgonjwa. Mtoto asiyejua kufunga bao ataweza kuiletea timu yake alama, na hilo ni kubwa kwake kuliko unavyodhani.

Sasa mazoezi yenyewe. Yawe siku zile zile na saa ile ile, juma baada ya juma, hata wakija watoto watano. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna kinachotabirika anahitaji kuwa na jambo moja maishani analoweza kulitegemea. Wanapofika, wakusanye duara, uwasalimie mmoja mmoja kwa jina. Waombe kila mmoja aonyeshe kwa vidole siku yake ilikuwaje, kimoja ikiwa mbaya sana, vitano ikiwa njema. Hakuna anayelazimishwa kueleza. Wewe ukumbuke tu nani ameonyesha kidole kimoja, na nani ameonyesha kidole kimoja juma la tatu mfululizo. Kazi hiyo haizidi dakika tano, na huenda ikawa na manufaa kuliko saa nzima ya kupiga chenga.

Katika kufundisha, tupa maneno ya kudhalilisha. Makocha wetu wengi walifundishwa kwa matusi na makofi, nao wanafundisha hivyo hivyo wakiamini ndivyo mwanamume anavyotengenezwa. Kumwambia mvulana anacheza kama mwanamke kunamuumiza yeye na kunamtukana dada yake. Mkosaji mwite pembeni, umwambie kwa sauti ya chini alichokosea na afanye nini. Mkiwa na adhabu, isiwe ya kumtoa kwenye timu. Kijana aliyekuja na kisu, kwa mfano, hachezi siku hiyo, hilo halina mjadala, na kisu hakiingii uwanjani. Lakini abaki, akae karibu nawe, aokote mipira, arudi kesho kutwa. Ukimfukuza moja kwa moja, lipo kundi litakalompokea jioni hiyo hiyo na halitamuuliza maswali.

Zoezi moja la kujaribu nimelipenda sana. Linatoka Chicago, Marekani, katika mpango uitwao Becoming a Man unaohudumia wavulana wa mitaa yenye fujo. Vijana huwekwa wawili wawili, mmoja hupewa mpira mdogo ashike kwenye ngumi, mwenzake huambiwa ana sekunde 30 kuupata. Hapa kwetu gololi inatosha. Karibu wote hurukiana, huvutana vidole na kusukumana. Muda ukiisha, kiongozi huwauliza kwa nini hakuna aliyesema tu, tafadhali nipe. Mazungumzo yanayofuata ndiyo somo: mara ngapi mtaani tunafikiri mtu atatukatalia kabla hatujamuuliza, mara ngapi tunapigana kwa jambo ambalo neno moja lingelimaliza. Mpango huo, wenye vikao vya mazungumzo na pia michezo kama ndondi na upigaji upinde, ulipimwa kwa makini, na katika kipindi chake ulipunguza kukamatwa kwa vijana kwa makosa ya kutumia nguvu kwa asilimia 45 hadi 50. Ulipokwisha, tofauti hiyo ya ukamataji haikudumu. Wafadhili wanaotaka mradi wa miezi mitatu walikumbuke jambo hilo.

Malizia kila siku kwa utulivu. Watoto wakae chini au walale chali, wavute pumzi puani kwa hesabu ya nne, waitoe taratibu mdomoni kwa hesabu ya sita, mara kumi. Mwanzoni watacheka. Wakizoea, watakwambia wamefanya hivyo usiku waliposikia kelele nje. Baada ya hapo ndipo wapewe maji na kuruhusiwa, na wewe usiwe wa kwanza kuondoka. Mtoto mwenye jambo zito husubiri wenzake wapungue. Atajifanya anafunga kamba za viatu, atakuuliza swali la kipuuzi kuhusu mechi ya Jumamosi. Robo saa hiyo ya mwisho ndiyo saa ya kazi yako kubwa, na kocha anayekimbilia matatu mara baada ya filimbi huikosa.

Akisogea, au wewe ukiona dalili nilizozitaja, sema naye kwa maneno ya kawaida. "Mwanangu, siku hizi nakuona umechoka na unakasirika upesi. Sikukemei. Kuna jambo linakusumbua?" Kisha unyamaze. Wengi wetu hatuwezi kunyamaza. Tunajaza pengo kwa nasaha na hadithi za shida zetu wenyewe. Usimlazimishe asimulie alichokiona, wala usimtake akirudie mbele ya timu kwa ajili ya mafunzo. Usimwambie ajikaze kiume. Na usimwahidi kwamba utaficha kila kitu, kwa sababu akisema anapigwa nyumbani, anabakwa, au anataka kujidhuru, italazimu umwambie mtu mwingine. Mwambie hivi mapema: "Maneno yako nitayahifadhi, ila kama maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, tutatafuta msaada mimi na wewe pamoja."

Kuna swali ambalo makocha wanaliogopa, nami nawaomba msiliogope. Mtoto akisema amechoka na maisha, au hana faida kwa yeyote, muulize waziwazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunampa ruhusa ya kusema lililomo tayari. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, mwite mzazi au ndugu anayemwamini, ondoeni sumu ya panya, dawa na kamba karibu naye, na mumpeleke hospitali siku hiyo. Zamani familia nyingi ziliogopa kumpeleka aliyejaribu kujiua kwa sababu lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mgonjwa huyo ni wa daktari.

Pa kwenda papo. Hospitali ya Tudor iko hapa hapa. Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado tunaiita Makadara, hupokea wagonjwa wa dharura usiku na mchana. Port Reitz ina wodi ya wagonjwa wa akili. Simu ya Msalaba Mwekundu ya 1199 hupigwa bure kwa anayehitaji kuzungumza na mshauri, 116 ni ya watoto, 1195 ni ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia na 1192 ni ya masuala ya mihadarati. Kwa kijana aliyezama kwenye unga, Kisauni kuna kliniki ya methadoni, na mashirika ya Reachout Centre Trust na MEWA yana uzoefu wa miaka mingi na watumiaji wa hapa Mombasa. Usingoje siku ya dharura. Nenda hospitalini wiki hii, umfahamu muuguzi au mshauri kwa jina, umwambie una timu ya watoto na siku moja utamletea mmoja. Mtoto anayepelekwa kwa mtu anayejulikana hufika. Anayepewa karatasi yenye anwani hapotei njia, hupotelea aibuni. Na kama wazazi wanataka kuanza kwa kisomo au maombi, msibishane nao. Dua iendelee na kliniki iendelee. Sheikh mwenye hekima atakuwa wa kwanza kumwambia mama ampeleke mwanawe hospitali.

Neno kuhusu muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 kaunti yetu iliupiga marufuku, mahakama ikaisimamisha amri hiyo, na mabishano yakawa ya kodi na biashara. Kocha hana haja ya kusubiri mabishano yaishe. Kijana anayetafuna mchana kutwa halali usiku, na asiyelala hasira zake ziko juu juu. Usimhubirie dhambi. Muulize amelala saa ngapi, kisha mtazameni pamoja namna anavyocheza siku aliyolala na siku aliyokesha. Mwenyewe ataona.

Siku itafika, na sisemi hili kwa wepesi, ambapo mmoja wa timu atauawa au atakatwa vibaya. Tumeshazika vijana wa kutosha hapa kisiwani. Siku hiyo wakusanye watoto, usiwaache wapate habari kwa vipande vipande vya WhatsApp. Waambie kilichotokea kwa sentensi fupi za ukweli, bila kueleza majeraha. Waombe wafute picha za maiti walizotumiwa na wasizisambaze. Anayelia alie, asiyelia asilaumiwe. Nendeni mazishini pamoja mkiwa timu, mkakae na mama wa marehemu. Kisha mazoezi yarudi baada ya siku chache, mepesi, siku ile ile na saa ile ile waliyoizoea. Wasikilize sana wale wakubwa wanaonong'ona juu ya kulipiza. Huko ndiko mauaji ya pili yanakoanzia, na kocha anayeheshimiwa anaweza kuyazuia kwa kukaa na watatu kati yao usiku huo hadi hasira ishuke.

Hapo linakuja suala la polisi. Kocha akionekana kuwa mpelelezi, timu imekufa, na yeye mwenyewe yuko hatarini. Usichukue orodha za majina ya vijana ukazipeleka popote. Lakini ukijua kwamba shambulio linapangwa, maisha ya mtu ni makubwa kuliko siri yoyote. Toa habari kupitia mtu unayemwamini, awe chifu, imamu au shirika la haki. Waambie vijana tangu siku ya kwanza kwamba huo ndio msimamo wako, ili asije mmoja kukuona msaliti.

Wasichana nimewaacha hadi hapa, na katika mitaa yetu mara nyingi huachwa nyuma hivyo hivyo, jambo ambalo silikubali. Ukatili unaowafika wao huwa zaidi ndani ya nyumba na njiani kuliko uwanjani, na hawana hata maskani ya kukimbilia. Moving the Goalposts, iliyoanza Kilifi mwaka 2001, imeonyesha kwa zaidi ya miaka 20 kwamba msichana wa Pwani anaweza kucheza mpira, kuongoza timu, kuwa mwamuzi na kuzungumza kuhusu afya na haki zake, familia yake ikiwa imeridhia. Siri yao ni kwenda kwa wazazi kwanza, na kuwapa wasichana wenyewe uongozi. Hapa Tudor, watengee siku zao na saa zao, wasipewe mabaki ya uwanja baada ya wavulana. Mtafute kocha mwanamke. Mzazi akiuliza kuhusu stara, mwambie sheria za kandanda duniani zimeruhusu hijabu tangu mwaka 2014, na suruali ndefu haimzuii mtu kupiga mpira.

Na mlinde mtoto dhidi yetu wenyewe. Watu wabaya hupenda mahali penye watoto wasio na mtetezi. Pasiwe na mazoezi yenye mtu mzima mmoja peke yake. Kocha asimpeleke mtoto kwake, asimtumie ujumbe wa siri usiku, asimpe zawadi kwa kificho. Waambie watoto na wazazi sheria hizo kwa sauti, na watajie mtu wa tatu wa kumwendea ikiwa mlalamikiwa ni kocha. Atakayekasirika kwa sheria hizo, mwacheni aende zake.

Wanasiasa nao watakuja, maana uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Mombasa inajua vizuri vijana wakigeuzwa silaha ya siasa matokeo yake ni nini. Mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997 hayajasahaulika. Pokeeni mipira na nyavu kama vinatolewa bila masharti. Kataeni fulana zenye sura ya mtu, kataeni kubebwa kwenye malori kwenda kwenye mikutano, na msiwape nambari za simu za wachezaji. Mfadhili pia asiruhusiwe kumpiga picha kijana akimwita aliyekuwa mhalifu. Picha hiyo itamfuata siku ya kutafuta kazi, na genge lake la zamani litaiona pia.

Kuhusu kazi, tuseme kweli. Liberia, baada ya vita vyao, wanaume 999 wa mitaa ya Monrovia waliojihusisha na wizi na fujo waligawanywa katika makundi. Wapo waliopata majuma manane ya vikao vya kujifunza kuzuia hasira na kujiona upya, wapo waliopewa dola 200, wapo waliopata vyote viwili. Miaka kumi baadaye, waliopata vikao pamoja na fedha ndio ambao uhalifu wao ulikuwa umeshuka kwa takriban nusu. Vikao bila fedha vilififia, na fedha bila vikao pia. Kijana wa miaka 19 anayetulia uwanjani jioni kisha anaamka bila shilingi atatafuta pa kuipata. Tudor ina Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kuna gereji, mafundi wa boti, wavuvi wa mkono wa bahari, na bandari haiko mbali. Timu ya vijana wakubwa isiyo na mtu mmoja wa kuhangaikia nafasi za kujifunza kazi ni nusu ya timu. Wazazi wenye karakana, chukueni kijana mmoja mmoja.

Na wewe kocha, unabeba mengi. Usiku utayasikia tena maneno ya yule mtoto. Mtafute mwenzako wa kuzungumza naye kila juma, na ukiona umeanza kukosa usingizi au kuwakaripia watoto wako mwenyewe, piga ile 1199 uliyowapa wengine.

Fedha zenu chache msizimalizie kwenye kombe. Mipira michache, koni, maji, sanduku la huduma ya kwanza na nauli ya makocha wawili kwa mwaka mzima vina faida kuliko fainali moja yenye vipaza sauti. Wasomaji mlio Tudor na mna nafasi ya saa mbili za jioni mara mbili kwa juma, timu nyingi hapa zina kocha mmoja tu anayehangaika na watoto wengi mno. Nendeni mkamuulize kama anahitaji mtu mzima wa pili, na mkianza, kaeni walau mwaka.